Jina la Shangazi na Kitanda cha Pamba

Bariadi, 7 Julai 1996

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na kwa kuwa nimeshika kalamu nimeahidi mbele ya Mungu kukueleza yote, hata yale ambayo padri wetu hajayasikia.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, jina langu la ubatizo ni Eufrasia lakini nyumbani naitwa Ng'washi. Tangu utotoni mifupa huniuma kwa vipindi na macho kuwa ya njano, na mwaka juzi daktari mmoja wa Mwanza alinipima damu akasema nina seli mundu, akanichorea chembe za damu yangu zimepinda kama mundu wa kuvunia mpunga, akasema zinakwama kwenye mishipa ndiyo maana naumia, nami nilimwelewa vizuri. Bibi naye ana maelezo yake, kwamba shangazi yangu, dada wa baba, aliumwa hivihivi akafariki akiwa na miaka kumi na saba, na mimi nilipozidiwa nikiwa mdogo bibi alinivisha ushanga mweupe akanipa jina la shangazi, hilo la Ng'washi, ili nipone, na kwa desturi yetu aliyerithi jina huitwa kama mwenyewe, basi baba yangu mzazi ananiita dada. Kila asubuhi anasimama mlangoni, anavua kofia, anasema, "Mwangaluka, dada," nami naitikia, na zamani nilikuwa naipenda sana salamu hiyo.

Mshauri, mwezi wa tisa natimiza miaka kumi na saba.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, baba hauzi pamba upesi, huilundika chumbani kwangu akingoja bei ipande, na ninapoumwa mimi hulala juu yake kwa sababu ina joto na haiumizi mifupa. Mwaka huu maumivu yalikwisha, lakini sikushuka. Nalala natazama vumbi jeupe likielea kwenye mwanga wa dirisha, nasikia ng'ombe wakienda lamboni na sauti zao zinanijia kama kutoka ng'ambo ya maji, na wakati mwingine namwona msichana ameketi kwenye pamba, anaichambua kimya, uso wake siuoni, wala simwogopi, naona kama ananisogezea nafasi. Siombi kufa, ila vitabu sioni navisomea nini, chakula hakina ladha, machozi hunitoka bila sababu, na nikifikiri kwamba maumivu yatarudi moyo hunienda mbio. Mama anasema nimekuwa mvivu. Juzi kaka yangu Paschal alisimama dirishani akasema, "Shuka, malkia! Mnunuzi akija tutakupima humohumo kwenye gunia, utatuongezea kilo." Nikamjibu, "Kilo zenyewe ziko wapi?" Tukacheka wote wawili, halafu nikageukia ukutani.

Mwisho wa mwezi pamba yote itachukuliwa. Nakusihi unijibu mapema kabla ya hapo: huku kutotaka kuamka ni ugonjwa wa damu yangu, au ni shangazi ananiita?

Wako mtiifu,
Eufrasia Ng'washi

MSHAURI ANAJIBU

Eufrasia Ng'washi, pole sana mwanangu. Shangazi hakuiti. Wala wewe si mvivu, na mama yako asome hapa. Maumivu makali yakiondoka huacha hofu, na hofu ikikaa muda mrefu humlaza mtu hata mifupa ikiwa imetulia. Huo nao ni ugonjwa, na watu hutibiwa wakapata nafuu. Naona daktari wako hukumwambia, labda kwa sababu ulidhani yeye ni wa damu tu. Mwambie.

Sasa nikugombeze. Jina ulipewa upone, wewe umeligeuza tarehe ya kufa! Nani kakuambia hivyo? Si bibi, si baba. Umejiambia mwenyewe ukiwa umelala. Shangazi yako, maskini, hakuna aliyempima damu wala kumchorea mundu. Wewe unajua unachoumwa. Siwezi kukuahidi kwamba hutaumwa tena, ila ukijitunza una kila sababu ya kupanga mambo ya mwakani na ya miaka mingi baadaye.

Basi fanya hivi. Usingoje mnunuzi akushushe, shuka mwenyewe leo. Rudi kliniki, umeze vidonge vya foliki vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria kama utakavyoelekezwa, kunywa maji mengi hata kama kisima kiko mbali, na asubuhi za baridi vaa sweta. Ukipata homa, kifua kubana au kushindwa kupumua, hospitali saa hiyohiyo. Na siku ukianza kuomba kufa, usilale na siri hiyo peke yako, mwamshe mtu.

La mwisho ndilo gumu. Kesho baba akisimama mlangoni, mwitikie, kisha umwambie unachokiogopa mwezi wa tisa. Nina hakika anakiogopa pia, ndiyo maana huja kila asubuhi kuhakikisha unaitika. Dada yake wa kwanza hakumwona akifika miaka kumi na minane. Wewe mwonyeshe.