Ukurasa wa Kwanza wa Ripoti ya Neema

Jumanne, 4 Machi

Wiki ya tatu ya mazoezi ya nje. Wanafunzi kumi na wanne wa ushauri nasaha, msimamizi mimi peke yangu. Nimewaambia mpaka koo limekauka: mshauri hahubiri. Leo kwenye zoezi la darasani mmoja alijifanya mlevi, mwenzake mshauri. Dakika ya pili Biblia imefunguliwa. Dakika ya nne mlevi ameokoka. Darasa zima likapiga makofi. Ingekuwa rahisi hivyo, mjomba wangu angekuwa hai.

Mkuu wa chuo kanisimamisha kwenye ngazi. Anataka matokeo. Wafadhili wanauliza ni watu wangapi wameacha. Nikamwambia fomu ya ripoti inayo sehemu hiyo, ukurasa wa mwisho: "Siku bila pombe." Niliichora mwenyewe mwaka juzi ili aniache nipumue.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegombana na Mkuu kuhusu ratiba. Somo la hatari za kuacha pombe ghafla liko wiki ya saba. Wanafunzi wako kwenye nyumba za watu tangu wiki ya kwanza! Akasema nesi wa kulifundisha kaalikwa wiki ya saba na barua imeshakwenda. Ningeweza kulifundisha mwenyewe, saa moja inatosha. Sikufanya hivyo. Nilinuna tu.

Nimempa Neema mteja mpya. Neema ni Mkongo wa Bukavu, aliacha cherehani yake hapa Mengo ili asome kwetu. Anasikiliza kuliko wenzake wote. Mteja ni polisi mstaafu, anakaa karibu na Port Bell, kutwa anakunywa waragi, ile gongo ya huku. Wengine wamekwenda na Luganda yao na Kiingereza chao, mzee kawafukuza. Anataka Kiswahili, tena aitwe Afande. Namjua mtu wa aina hiyo. Nimelelewa na mmoja, kwenye kambi ya polisi.

Jumatatu, 10 Machi

Ripoti kumi na nne kabla ya chai. Nyingi takataka. Mmoja kaandika mteja "ana pepo la bangi." Mwingine kanakili ripoti ya jirani yake pamoja na jina la mteja wa jirani.

Ya Neema ndiyo imenipa moyo. Jumamosi aliwakusanya mke wa Afande, majirani wawili na mama anayemuuzia waragi. Wote wakatia sahihi kwamba hawatampa hata tone. Afande mwenyewe akamwaga chupa mtaroni, kasimama wima kama yuko gwaride. Picha ipo. Siku bila pombe: 2. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, "Kazi safi!" Nikaenda kunywa chai.

Siku hiyohiyo, alasiri

Saa sita Neema kapiga simu. Afande kaanguka mlangoni, mwili mzima unatetemeka, ulimi kauuma, damu. Majirani wamemkimbiza hospitali ya Mulago.

Nimerudi ofisini nikasoma ripoti yake tangu mwanzo. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wake mdogo ule: "Mteja anakunywa tangu alfajiri, miaka zaidi ya ishirini. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate ya kwanza." Imeandikwa. Mtoto wa watu kaandika kila kitu. Mwili wa namna hiyo ukinyimwa pombe kwa ghafla unaweza kufa, mgonjwa apelekwe hospitali kwanza. Yeye hajafundishwa. Mimi najua miaka kumi na sita sasa.

Nilikuwa na karatasi hiyo mkononi saa mbili asubuhi. Sikusoma ukurasa wa kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye namba.

Jumanne, 11 Machi

Wodini. Afande hamjui mkewe. Anaokota siafu kwenye shuka, siafu ambao hawapo. Anawafokea askari ambao hawapo pia. Daktari kijana kauliza nani alimwachisha pombe. Nikasema anahudumiwa na chuo chetu. Nikaishia hapo.

Mkewe, Mama Akello, kanishika mikono yote miwili. "Asante sana, madam. Wewe ndio ilituma watu. Bila nyinyi huyu mzee ingekuwa imekufa."

Nikaipokea asante hiyo. Nikaitikia kwa kichwa. Najichukia.

Jumatano, 12 Machi

Mkuu ameamua. Neema afukuzwe, "kulinda jina la chuo." Kikao Ijumaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, anasema. Nani hakusikia? Hakuna aliyemwambia! Nikapandisha sauti. Akaniacha nimalize, kisha akafungua faili, akatoa ukurasa wa mwisho wenye wino wangu mwekundu, akanisogezea. Akasema huu si lazima uwemo. Karatasi hupotea.

Nikauchukua. Sijui kwa nini niliuchukua.

Neema kaja saa tisa. Halii. Kakaa, magoti pamoja. "Madam, mimi nilifwata fomu. Na weye uliandika kazi safi, ama?" Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli, ajue wapi alikosea. Nikamwambia tutaongea Ijumaa. Woga mtupu.

Miaka kumi na sita nimewasema wanafunzi hawasikilizi. Nyani haoni kundule.

Alhamisi, 13 Machi

Ukurasa uko kwenye mkoba. Nimeutoa mara tatu. Nikinyamaza, Neema anarudi kwenye cherehani na mimi nabaki na cheo. Nikisema, labda sibaki na kitu. Nimefundisha vipindi viwili na sikumbuki nilichofundisha.

Habari moja njema: Afande kamtambua mkewe. Kamuuliza mbona amekonda.

Ijumaa, 14 Machi

Kikao. Watu watano, soda, Mkuu anasoma mashtaka. Neema yuko nje kwenye benchi. Nikaweka ukurasa wa mwisho mezani, juu ya faili yao. Nikaweka na wa kwanza. Nikasema huyu binti aliandika dalili zote, kazi ya kuzisoma ilikuwa yangu, na fomu inayowasukuma kutafuta siku bila pombe niliichora mimi. Mkuu hakuniangalia hata mara moja.

Uamuzi: Neema anabaki, atarudia mazoezi. Mimi nimeondolewa usimamizi wa nje mpaka muhula uishe, na barua ya onyo juu yake. Nimekasirika. Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Wapi.

Neema kaambiwa na katibu, si na mimi. Nikamfuata kwenye benchi nikamwambia kosa lilikuwa langu. Akasema, "Sawa, madam." Akaniuliza lile somo la wiki ya saba ataweza kulipata lini. Nikamfundisha palepale, wote tukiwa tumekaa kwenye benchi. Saa moja ilitosha.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda Port Bell. Hakuna aliyenituma, na kwa barua ile sikupaswa kwenda. Afande yuko nyumbani tangu Alhamisi, ana dawa na siku za kliniki. Alikuwa amelala ndani. Mama Akello alikuwa nje barazani na ungo wa maharage. Akafurahi. Akaanza tena, asante madam.

Nikamwambia asinishukuru. Nikamweleza kwa Kiswahili cha kambini, pole pole, ili lisibaki la kufichwa: kumwaga ile chupa kulitaka kumuua, Neema hakujua, mimi nilijua, karatasi ilikuwa mkononi mwangu asubuhi ile, na sikusoma.

Akatoa jiwe moja kwenye ungo, akalitupa. La pili. Nilisikia Afande akikohoa ndani, na mkewe akageuza shingo kusikiliza mpaka kikohozi kikaisha. Nikajua ni wakati wa kuondoka, nikashika mkoba.

"Kaa," akasema.

Akachota maharage mikono miwili, akayamwaga kwenye sinia, akanisogezea. Nikakaa kwenye mkeka. Tukachambua mpaka yakaisha.