Maji ya Rangi

Shangazi yangu,

Hili sijamwambia mtu yeyote. Mama na wenzake kumi na mmoja, wenye karakana yao ya kutia vitambaa rangi, wamepewa ile nembo ya kazi isiyochafua mazingira. Tangu jana ni vigelegele tu.

Mkaguzi alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, nami ndiye niliyemkalimania. Aliuliza kama maji ya rangi yanafika mtoni. Wenyewe walikuwa wamepiga kura kwamba aambiwe ukweli, hata wakiikosa nembo. Mama akajibu, "Mvua ikizidi, shimo tunalomwagia linafurika. Yanafika." Mimi nikamwambia mgeni hayafiki kamwe. Niliogopa karakana itafungwa, Shangazi. Watu kumi na wawili waliinua mikono, nami peke yangu nikaishusha.

Leo fundi mkuu amenitania mbele ya wote, "Mwoneni Kimya wetu! Kumbe ana mdomo!" Mama akanikumbatia. Anaamini wamepewa nembo kwa sababu hawakudanganya.

Sasa anataka nimwandikie mgeni barua ya shukrani kwa niaba yao wote. Nasikia ndara zake zinakuja mlangoni. Naificha hii yako chini ya daftari, na sijui nitamwandikia mgeni nini.

Mwanao,
Kimya