Siku Ukuta wa Timbo Ulipoporomoka

Garissa,
Ijumaa.

Dada yangu Arbia,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Garsen, wewe na watoto, na kwamba miguu ya mzee, baba yako, imepata nafuu. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila joto la Garissa unalijua.

Unakumbuka walivyotucheka chuoni, wasichana wawili tunasomea mambo ya migodi? Basi sasa mimi ndiye msimamizi wa usalama katika timbo la mawe nje ya mji. Wiki iliyopita, baada ya mvua kubwa, niliona ufa juu ya ukuta wa mawe. Nikapigilia vigingi kila upande, nikapima. Kesho yake vilikuwa vimeachana. Na huko chini vijana walishachimba mvungu, ukuta unaning'inia vichwani mwao.

Nikasimamisha kazi. Hirsi, mkuu wa timbo, akaja juu, akasema malori yanangoja na ukuta huo umesimama tangu zamani. Nikamwambia kwa heshima, kama mtu amwitavyo ami yake, "Adeer Hirsi, nifukuze jioni ukitaka, lakini sasa hivi watoe watu." Alinitazama, kisha akapuliza filimbi mwenyewe. Kijana mmoja mgeni, aliyejifunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, akagoma, akisema hawezi kukimbizwa na woga wa mwanamke. Nilimvuta kwa shati mpaka nje, analalamika njia nzima.

Kabla ya adhuhuri ukuta wote ukaporomoka. Ardhi ilitetemeka, vumbi likafunika jua. Lilipotulia Hirsi aliita majina, na kila mtu akaitika. Kila mtu, Arbia! Wanawake wanaoponda kokoto walipiga vigelegele, nami nikacheka na kulia kwa pamoja. Sasa tunakata ukuta kwa vidato, kama ngazi, na mawe yaliyolegea yanaangushwa kwa mitaimbo kutoka juu kabla mtu hajashuka. Hirsi ndiye wa kwanza kuuliza kama nimekagua.

Sasa kaa chini, dada. Jioni ile kijana mbishi alikuja kunishukuru, akafungua kitambaa. Akanitajia jina lake na kwao Garsen; nilikuwa simjui ila kwa masimulizi yako. Ni Daud, mdogo wako, mliyemtafuta tangu agombane na mzee. Anaona haya kupiga simu, ndiyo maana naandika mimi. Anasema Idi ataila nyumbani, kama mzee atamfungulia mlango.

Wabusu watoto, na mzee mwambie mwanawe yu hai.

Akupendaye,
Kaltun