Kiti Chekundu Usikifute

Kwako Sheryl, binti ya dada yangu,

Hapa Kitengela niko na nguvu za fahali. Tangu uhamishe picha za tovuti yangu ya viti uziweke kwa cloud, zinafunguka haraka mpaka punda wa Mashuuru wanaulizia bei. Hata simu yangu ilipozama kwa ndoo ya vanishi, nilicheka tu.

Umeuliza tufute picha gani. Futa viti vyote vilivyouzwa. Lakini kile chekundu, chenye marehemu mke wangu, auntie yako Jacinta, amekalia akicheka, kiache hapo mbele. Najua kiliuzwa zamani. Picha ingine ya Jacinta ilikuwa moja tu, kwa ile simu iliyozama. Mteja akikitaka, nitamwambia kiko na mwenyewe.

Ni mimi anko wako Oyoo,
bingwa wa viti Kajiado nzima.