Breki za Kagwiria

Rafiki yangu Bundi, Kagwiria, yule mama wa kikundi chetu cha baiskeli, hakuwa na kofia ngumu. Hakuwa na glavu, wala baiskeli ya gia, wala mtu wa kumshikia duka akienda mazoezi. Lakini breki alikuwa nazo. Breki alikuwa nazo, Bundi!

Leo asubuhi ameanguka kwenye mteremko wa Kinoru. Amechubuka goti tu, Mungu ashukuriwe.

Jana mimi ndiye niliyemzibia pancha. Nilifungua waya wa breki ili nitoe gurudumu, nikasahau kuurudisha. Mimi, karani wa kikundi!

Mwenyekiti akamkemea mbele ya wote: "Mama, asiyekagua breki hawezi kufika Embu. Jumamosi sisi tukienda, wewe utabaki."

Kagwiria akanigeukia. "Karani, si uliniambia ziko sawa?"

Unajua nilijibu nini? "Zilikuwa sawa nilipokurudishia." Mzee wa miaka sabini na mmoja. Zilikuwa sawa!

Hakubishana. Alisema tu, "Basi ni mimi." Miezi mitatu amepanda milima na baiskeli ya kubebea maziwa, nami nikamwacha aseme ni yeye.

Usinipigie kunituliza. Nimemwandikia mwenyekiti barua kwa mkono, kwa mwandiko ule niliofundishwa ukubwani, darasa la ngumbaru. Nimesema nilidanganya. Nimeomba jina lake lirudishwe kwenye orodha ya Jumamosi, langu likatwe.

Nimelamba bahasha nikaifunga. Mtu wa boda ameondoka nayo sasa hivi. Amepinda kona, Bundi. Hata nikimwita hasikii.