Namba Ambayo Mujinga Hakunitafsiria

Evere, Brussels
14 Machi

Kaka Waziri,

Shikamoo. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo, na magoti ya mama yametulia. Mimi ni mzima kwa kadiri utakavyosoma. Nimeandika barua, nikampa Laurean, mwenzetu wa hapa anayekuja huko Tanga likizo, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Uvimbe wa pajani unaujua. Daktari wa kwanza, wa hapa mtaani, aliubonyeza akasema ni mafuta tu. Nikakaa nao miezi saba, ukafikia ukubwa wa limau. Wewe ukaamuru nisiguswe na kisu, eti uvimbe ukichokozwa huamka ukasambaa mwilini, nirudi nyumbani kwa mzee wa dawa. Kaka, uvimbe wangu haukuwa umelala. Ulikuwa unakua bila kuchokozwa na mtu.

Nilikwenda hospitali ya Woluwe, nikapigwa sindano ya kutoa kinyama kikapimwe. Siku ya majibu nilifuatana na jirani yangu Mujinga, mama wa Lubumbashi, anitafsirie Kifaransa. Ni saratani ya nyama laini, daraja la tatu, na hilo ndilo kali kuliko yote. Daktari akaingiza kwenye kompyuta umri wangu, ukubwa wa uvimbe, kina chake na daraja lake, akatusomea jibu. Mujinga akanigeukia akasema, bon, Mungu iko, daktari anasema nitapona, nisiogope.

Lakini Mujinga alisahau kitu kimoja. Kifaransa changu ni cha kuombea maji, ila nauza vitenge Saint-Josse mwaka wa nne sasa, na Wakongo hata wakizungumza Kiswahili, bei huitaja kwa Kifaransa. Namba ndizo ninazozijua. Daktari alisema quarante-huit. Maana yake Mujinga alikuja kuikiri baadaye: katika watu mia wenye uvimbe kama wangu, arobaini na nane ndio wanaokuwa hai baada ya miaka kumi.

Niliogopa, sikufichi. Kisha nikakasirika, nikamwambia Mujinga namba nimeisikia, na amuulize daktari kama hiyo kompyuta inanijua mimi. Aliona haya, akajitetea kwamba kwao mgonjwa haambiwi mambo hayo, kana kwamba kwetu huambiwa. Lakini aliuliza. Daktari akajibu kwamba inawajua wengi, haimjui mmoja, na hao wengi ni waliotibiwa. Kuniahidi hawezi. Basi sawa, nafasi arobaini na nane! Kwenye dirisha la viza nafasi zilikuwa haba kuliko hizo, na nikapita.

Sasa nikuungamie. Mwezi mzima huu uliokuwa ukinigombeza nisikubali kisu, mimi nilikuwa nimeshakatwa. Uvimbe wote umetoka pamoja na nyama njema iliyouzunguka, na mguu ninao. Simu zako za mwanzo nilizipokea nikiwa kwenye kitanda cha hospitali, nikiitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka. Jumatatu naanza mionzi. Nilikukosea adabu, na ningekosa tena.

Mzee wa dawa mwambie asinisubiri. Wifi na watoto nawabusu. Mama msomee barua yote, na ukifika kwenye namba usiiruke. Mwambie nimeshajihesabu humo.

Mdogo wako mkaidi,
Mwanakheri