Mahudhurio ya Selipher kwa Njia ya Wimbo

UMOJA WA WAKENYA WAFANYAKAZI, RIYADH NA JEDDAH
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA IJUMAA, TAREHE 14 NOVEMBA 2025

MAHALI: Chumba cha nyuma, mkahawa wa Wahabeshi, Al-Sulimaniyah, Riyadh. Wanachama wa Jeddah waliingia kwa simu, iliyowekwa ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke vizuri.

WALIOHUDHURIA
Hezekiah Wekesa – Mwenyekiti (msimamizi wa walinzi)
Valary Nekesa – Katibu (saluni)
Maureen Khasoa – mwanachama (yaya)
Elphas Mudambo – mwanachama (mlinzi)
Timothy Barasa – mwanachama, kwa simu, Jeddah (dereva)
Selipher Naliaka – mwanachama, kwa simu, Al-Safa, Jeddah (mfanyakazi wa nyumbani). Tazama KUMB. NA. 5.

WALIOKOSA KWA UDHURU: Norman Shikuku, bosi wake amempeleka jangwani kwa ngamia.
WALIOKOSA BILA UDHURU: Derrick, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa saa nane na nusu mchana kwa sala ya Elphas, ambayo ilikuwa ndefu. Mwenyekiti alipoita majina, Timothy aliitikia kwa sauti na Selipher akaitikia kwa wimbo. Mwenyekiti alitangaza kwamba akidi imetimia.

KUMB. NA. 2/11/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilisomwa. Maureen alipinga kwamba maneno yake yote kuhusu Selipher, aliyoyasema akiwa amesimama na kulia, yameandikwa "mengineyo yalijadiliwa". Katibu alieleza kwamba Mwenyekiti ndiye aliyemwambia afupishe. Mwenyekiti alisema hakumbuki. Katibu anakumbuka vizuri.

KUMB. NA. 3/11/2025: UTARATIBU WA WIMBO
Elphas aliomba utaratibu huu uangaliwe upya. Kwa faida ya mwanachama mgeni atakayesoma: tuna wenzetu wanaolala kwa waajiri na hawawezi kuongea kwenye simu madam akiwa karibu. Tulikubaliana kwamba mwenzetu wa namna hiyo aingie kwenye simu, anyamaze, na acheze ule wimbo wa kundi la Waswidi unaopigwa kila duka la nguo hapa Saudia. Una vinanda vinavyopanda mwanzoni, kisha besi na ngoma ya disko, kisha akina dada wanaimba kwamba wana furaha. Mjakazi akiucheza jikoni huku anaosha vyombo, hakuna wa kumshuku. Tukiusikia, tunajua yu hai.

Elphas alisema ni wimbo wa kidunia na kwamba tangu mwanzo alipendekeza tenzi za rohoni. Maureen alimuuliza kama angependa Selipher acheze tenzi katika nyumba ya watu wa Al-Safa halafu Elphas mwenyewe aje kumzika. Elphas aliondoa hoja yake.

Muda wote huu wimbo ulikuwa unaendelea ndani ya sufuria. Ulipoisha, ulianza tena.

KUMB. NA. 4/11/2025: MALALAMIKO YA MAUREEN
Maureen, aliyepanda ndege moja na Selipher kuja huku, alisema waziwazi: "Bwana Mwenyekiti, huyo anayecheza wimbo si Selipher."

Aliombwa kueleza. Alisema Selipher huwa hawezi kusikia kiitikio cha wimbo huu bila kupiga makofi, mawili ya haraka na moja la kuchelewa, kama walivyozoea kwenye kwaya ya akina mama kule Malava. Sote tulikuwa tukimcheka kwa hilo kofi la kuchelewa. Tangu Agosti makofi hayapo.

Mwenyekiti alijibu kwamba makofi si sehemu ya katiba, na kwamba utaratibu unataka wimbo tu.

Maureen alisema pia kwamba Selipher alikuwa akiukata wimbo katikati, maana lazima angeitwa kupeleka chai au kumbeba mtoto. Sasa unachezwa kuanzia vinanda vya kwanza hadi mwisho, kisha unarudiwa. Aliuliza ni mjakazi gani wa Jeddah mwenye nafasi ya kusikiliza wimbo hadi mwisho. 

Mwenyekiti alitaka kujua, kama si Selipher, nani mwingine angejua habari ya wimbo. Maureen alimkumbusha Ijumaa ile ya Agosti ambayo Selipher hakuingia kabisa. Siku hiyo Mwenyekiti alimtumia ujumbe kwa mkono wake mwenyewe: "Selipher, cheza wimbo wa Waswidi tujue uko salama, la sivyo tunakuja hapo nyumbani." Ijumaa iliyofuata wimbo ulirudi, na makofi hayakurudi.

Mwenyekiti alisema ujumbe ulikuwa kwa Kiswahili. Maureen alisema siku hizi simu inatafsiri, na yeyote aliyeishika simu ya Selipher angeuelewa.

Wimbo ulikuwa kwenye kiitikio.

Maureen aliinamia sufuria na kusema: "Sefa, dadangu, kama ni wewe, zima hiyo kitu kidogo tu." Wimbo uliendelea. Alirudia kwa Kiluhya. Uliendelea.

Ndipo Elphas, bila kuomba ruhusa ya Kiti, akasema kwa sauti ile tunayoitumia kazini: "Madam?"

Wimbo ulisimama.

Tulisikia mtu akipumua karibu sana na simu. Kisha wimbo ulianzishwa upya, kutoka vinanda vya kwanza.

KUMB. NA. 5/11/2025: TAARIFA YA TIMOTHY KUTOKA AL-SAFA
Hapo Timothy alieleza kwa sauti ya chini kwamba hayuko kwenye gari la bosi wake kama tulivyodhani. Maureen alikuwa amemwomba tangu asubuhi aende Al-Safa, na sasa alikuwa amesimama nje ya nyumba ya kafili, yaani mwajiri, wa Selipher. Mwenyekiti alianza kusema kwamba hilo halikupitia kwenye Kiti, akaacha katikati.

Timothy alisema gari la madam lipo, geti limefungwa, na wimbo anausikia mara mbili: kwanza kwenye dirisha la jikoni, halafu kwenye simu, ukichelewa kidogo. Mwenyekiti alimwagiza azunguke nyuma. Tulisikia viatu vyake kwenye changarawe na kelele za mashine za AC.

Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema: "Huku nyuma kuna kastoo. Dirisha iko juu, imebandikwa karatasi ya foili. Mwenyekiti, ngojeni. Kuna mtu ndani."

Aliulizwa anajuaje. Alisema tungoje kiitikio.

Kiitikio kilipofika, ndani ya sufuria tulisikia akina dada wa Uswidi peke yao. Timothy akainua simu yake hadi kwenye foili. Hapo tukayasikia, kwa mbali, kama mtu anayepiga nguo kwenye jiwe: mawili ya haraka, na moja la kuchelewa.

Maureen alikaa sakafuni. Alisema, "Amekuwa akipiga kila Ijumaa." Alisema, "Wimbo unamfikia, yeye hatufikii." Aliyasema mara nyingi na Katibu ameyaandika mara moja tu.

Mwenyekiti aliomba yaingie kwenye kumbukumbu kwamba ujumbe ule wa Agosti aliuandika yeye, na kwamba ndiye aliyeamuru Selipher ahesabiwe yupo. Yameingia.

Timothy alipiga makofi kule nje, mawili na moja. Ndani makofi yakakoma. Kisha makofi yakaja mengi, ya haraka, bila mpango wowote.

ILIAMULIWA: Mwenyekiti atoke nje mara moja apigie polisi wa Jeddah na afisa wa ubalozi kwa simu yake. Timothy asibanduke pale ukutani hata bosi wake akimtafuta, na akifukuzwa kazi sisi tutamlisha. Elphas aliunga mkono kwa kuvaa viatu, ingawa Jeddah ni mbali.

Mwenyekiti alipokuwa mlangoni, simu ya Selipher ilijitoa kwenye kikao, na wimbo ukazimwa kule jikoni. Timothy alithibitisha kwamba hausikii tena. Makofi yaliendelea bila wimbo.

KUMB. NA. 6/11/2025: MENGINEYO
Hakuna aliyetaka mengineyo.

Katibu aliagizwa kwamba Selipher Naliaka asihesabiwe tena kwa wimbo. Mbele ya jina lake paandikwe "yupo", na mtu yeyote akiuliza anajuaje, aambiwe kwamba tulimsikia kwa masikio yetu.

KUMB. NA. 7/11/2025: SAA YA KUFUNGA
Haijaandikwa, maana kikao hakijafungwa. Polisi wamesema wanakuja. Elphas anasali, na safari hii hakuna anayeiona sala yake ndefu. Timothy angali ukutani na simu yake iko wazi kwenye sufuria. Kila akipiga mawili, Selipher anamjibu kwa moja, na moja hilo linazidi kuchelewa.

Imetiwa sahihi kikao kikiendelea:

H. Wekesa, Mwenyekiti ....................

V. Nekesa, Katibu ....................